Ramu na Ngoma za Karibi: Jina Huenda Njia Yake, Kitu Njia Yake

Bendi ya Rolling Stones iliundwa mjini London mwaka 1962, na kwa zaidi ya miaka 60 imejulikana ulimwenguni kote kwa muziki wa roki. Katika miaka ya 2020 bendi hiyo ilitoa bidhaa ambayo si santuri wala tamasha. Bidhaa yenyewe ni ramu, yaani kileo kikali kitokanacho na muwa, iliyotengenezwa kwa kuchanganya ramu za visiwa vya Karibi, Jamaica ikiwa miongoni mwao. Kileo hicho kilipewa jina la Crossfire Hurricane, maneno yatokayo katika wimbo wao wa mwaka 1968 uitwao Jumpin' Jack Flash.

Kwa hiyo lebo ya chupa hiyo inataja bendi ya Kiingereza na wimbo wa Kiingereza. Kilichomo ndani ya chupa, hata hivyo, hakikuanzia Uingereza. Na muziki ulioipa bendi hiyo uhai haukuanzia huko pia. Hata jina la Rolling Stones lilitokana na wimbo wa mwaka 1950 wa Muddy Waters, mwanamuziki Mmarekani mweusi aliyezaliwa katika jimbo la Mississippi.

Makala hii yaeleza asili ya ramu na asili ya ngoma za Jamaica. Katika kuifuata asili hiyo, msomaji wa Afrika Mashariki atakutana na majina mawili anayoyafahamu: moja limo katika hamira inayochachusha ramu, na la pili limo katika ngoma. Majina hayo yana funzo kubwa kwa kila anayejifunza sayansi au historia, kwani yanaonyesha jinsi ilivyo rahisi kukosea iwapo jina litachukuliwa kuwa ni ushahidi.

Muwa na jasho

Muwa ulianza kulimwa na watu wa kisiwa cha New Guinea maelfu ya miaka iliyopita. Kutoka huko ulienea hadi Bara Hindi, ambako watu walivumbua njia ya kugandisha sukari. Kisha Waarabu wakaueneza hadi nchi za Bahari ya Kati. Mwaka 1493, katika safari yake ya pili, Columbus aliupeleka katika kisiwa cha Hispaniola. Waingereza walikalia Barbados mwaka 1627, na katika miaka ya 1640 walianza kilimo kikubwa cha miwa kisiwani humo. Mwaka 1655 waliinyakua Jamaica kutoka kwa Wahispania, na humo pia miwa ikatawala.

Kilimo hicho kilihitaji nguvu nyingi za watu. Muwa ukishakatwa hauna budi kukamuliwa upesi kabla sukari yake haijaharibika; kwa sababu hiyo, wakati wa mavuno, kinu na majiko yalifanya kazi mchana na usiku. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watumwa kutoka Afrika. Kwa jumla Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa katika meli za utumwa za bahari ya Atlantiki. Wapatao milioni moja walishushwa Jamaica, ingawa baadhi yao walisafirishwa tena kwenda nchi nyingine. Hata hivyo, utumwa ulipofutwa mwaka 1834, watumwa waliohesabiwa kisiwani humo walikuwa 311,000 hivi. Tarakimu hizi mbili, zikiwekwa pamoja, zaeleza hali ya mashamba hayo kuliko maneno mengi: kwa miaka mingi waliokufa walikuwa wengi kuliko waliozaliwa. Serikali ya Uingereza ilitenga fidia ya pauni milioni 20 kwa ajili ya wenye watumwa katika makoloni yake. Watumwa wenyewe hawakupata kitu.

Kutoka molasi hadi ramu

Maji ya muwa yakichemshwa mpaka yakawa mazito, sukari huganda kuwa chembechembe. Kinachobaki ni molasi, uji mzito mweusi ambao hauwezi tena kugandisha sukari kwa faida, ingawa karibu nusu ya uzito wake bado ni sukari. Wanafunzi waishio karibu na viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa au Moshi wanaifahamu molasi kuwa ni chakula cha ng'ombe. Huko Muhoroni, nchini Kenya, kilijengwa kiwanda cha kuigeuza kuwa alkoholi na hamira. Katika Barbados ya karne ya 17 molasi ilikuwa ni masazo tu, hadi ilipogunduliwa kwamba ikichanganywa na maji na kuachwa huchachuka.

Kuchachuka ni kazi ya hamira, viumbe vya seli moja visivyoonekana ila kwa hadubini. Hamira huvunja sukari ili kujipatia nguvu. Gramu 180 za glukosi zikichachuka zote hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za gesi ya kaboni dioksaidi. Uzito haupotei, hubadilika umbo tu.

Kioevu kilichochachuka huwa na alkoholi kidogo, aghalabu chini ya sehemu 10 katika 100. Ili kupata kileo kikali, hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake ukapozwa hadi ukawa kioevu tena. Alkoholi safi huchemka katika nyuzi 78 za Selsiasi na maji katika nyuzi 100. Kwa hiyo mvuke wa mchanganyiko huo huwa na alkoholi nyingi kuliko kioevu ulimotoka. Mkenekaji stadi hutenga mvuke wa kwanza na wa mwisho, akahifadhi ule wa katikati. Ramu ikitoka hapo haina rangi. Rangi ya dhahabu au ya kahawia huipata ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni, au kwa kutiwa sukari iliyounguzwa. Katika joto la Karibi, pipa hupoteza kwa mvuke kiasi cha asilimia 6 ya ramu yake kila mwaka, kiasi ambacho ni zaidi ya mara mbili ya kile kinachopotea katika nchi za baridi kama Scotland.

Ramu ya Jamaica, hata hivyo, ina jambo la ziada. Watengenezaji wa huko walikuwa na desturi ya kurudisha ndani ya molasi mashapo yaliyobaki baada ya kukeneka, ambayo huko huitwa dunder. Mashapo hayo yana asidi nyingi na bakteria. Badala ya kuchachuka kwa siku moja au mbili, mchanganyiko huachwa kwa wiki moja, mbili au zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi waliofanya kazi kisiwani humo walieleza sababu ya desturi hiyo: asidi ikiungana na alkoholi hutoa esta pamoja na maji, na esta ndizo zinazoleta harufu. Mfano mzuri ni asidi ya butiriki, ambayo hunuka kama siagi iliyooza. Asidi hiyo ikiungana na alkoholi ya ramu, huzaliwa esta yenye harufu ya nanasi. Hivyo waliokuwa wakitumia mashapo walikuwa wakiongoza mmenyuko wa kemia kabla kemia yenyewe haijaupa jina.

Hamira yenye jina la Kiswahili

Hamira ya mkate, na ya bia nyingi, huzaana kwa kuchipua: kijiseli kidogo huota ubavuni mwa seli mama, kikakua, kikajitenga. Lakini mwishoni mwa karne ya 19, wataalamu walipochunguza molasi iliyochachuka ya Jamaica, waliona hamira ya namna nyingine. Seli zake ni ndefu kama vijiti vifupi, nazo huzaana kwa kugawanyika katikati, nusu kwa nusu. Hamira hiyo huvumilia asidi na sukari nyingi kuliko hamira nyingi nyingine; ndiyo sababu ilistawi katika mapipa yenye dunder.

Miaka hiyo hiyo, mwaka 1893, mtaalamu wa Kijerumani Paul Lindner alieleza hamira ya kugawanyika aliyoipata katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imeanza kuitawala Tanganyika, na vitu vingi vya huku vilipelekwa Ujerumani kuchunguzwa. Lindner aliipa hamira hiyo jina la kisayansi Schizosaccharomyces pombe. Neno la kwanza limetokana na Kigiriki nalo lahusu kuvu wa sukari wanaogawanyika. Neno la pili ni la Kiswahili, pombe. Baadaye wataalamu waliamua kwamba hamira ile ya Jamaica ni ya spishi hiyo hiyo.

Jina hilo limefika mbali. Mwingereza Paul Nurse aliitumia hamira hiyo kuchunguza jinsi seli inavyoamua wakati wa kugawanyika. Mwaka 1987 yeye na wenzake walionyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kufanya kazi ndani ya hamira hiyo mahali pa jeni yake iliyoharibika. Maana yake ni kwamba seli ya hamira na seli ya mtu hufuata kanuni moja ya kugawanyika, na ugunduzi huo umesaidia sana kuelewa saratani. Mwaka 2001 Nurse alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt.

Je, hamira hiyo ilisafiri kutoka Afrika Mashariki hadi Jamaica kwa kuwa inaitwa pombe? La. Kilichosafiri ni jina, nalo lilipitia Ujerumani. Hamira yenyewe imepatikana katika sehemu nyingi za dunia. Wataalamu waliolinganisha jeni za hamira hizo kutoka mabara mbalimbali na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, walikadiria kwamba ilifika Amerika karibu na mwaka 1623, yaani katika zama za meli kubwa za biashara. Hayo ni makadirio, lakini yametokana na ushahidi uliomo ndani ya seli. Jina halina ushahidi wa namna hiyo.

Ngoma zilizokatazwa

Mashamba yale yale yaliyozaa ramu ndiyo yaliyozaa muziki. Wenye mashamba waliziogopa ngoma, kwani zingeweza kuwaita watu wakusanyike na kuasi. Katika karne ya 17 na ya 18, sheria za visiwa kadhaa vya Waingereza zilikataza watumwa kupiga ngoma katika mikusanyiko yao. Katika bara la Amerika Kaskazini, koloni la South Carolina lilipiga marufuku ngoma mwaka 1740, baada ya maasi ya Stono ya mwaka uliotangulia.

Hata hivyo, ngoma hazikufa. Jamaica ilihifadhi upigaji uitwao Burru, wenye ngoma tatu: ngoma kubwa ya besi, ngoma ya kati iitwayo funde, na ngoma ndogo yenye sauti ya juu iitwayo repeater. Baada ya utumwa kwisha, maelfu ya Waafrika walipelekwa kisiwani humo kufanya kazi kwa mikataba, wengi wao wakitoka nchi za Kongo. Hao ndio chanzo cha ibada na ngoma za Kumina, ambazo hadi leo zina maneno ya Kikongo. Yafaa ikumbukwe kwamba katika Kikongo pia ngoma huitwa ngoma. Hapa kulingana kwa neno kuna maana ya kweli, kwa sababu Kikongo na Kiswahili ni lugha za Kibantu, nazo zimelirithi neno hilo kutoka kwa babu mmoja wa kale.

Katika miaka ya 1940, mpigaji wa Kingston aliyeitwa Count Ossie alijifunza upigaji wa Burru na kuukuza miongoni mwa Warasta. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ngoma zake zilisikika katika santuri ya Oh Carolina ya Folkes Brothers. Mapigo hayo yamo katika mizizi ya muziki wa ska, na wa rege uliofuata.

Jina lililotoka Kigezi

Ngoma hizo za Warasta huitwa Nyabinghi. Msomaji wa Uganda au Rwanda atalitambua jina hilo mara moja. Nyabingi ni roho ya kike iliyoheshimiwa katika milima ya mpakani, Ndorwa na Kigezi. Waliosema kwa niaba yake, wengi wao wakiwa wanawake, waliwapinga watawala wa kienyeji na baadaye wakoloni. Mashuhuri kati yao alikuwa Muhumusa, aliyejitangaza kuwa mjane wa Mwami Rwabugiri wa Rwanda. Waingereza walimkamata mwaka 1911, wakamweka Kampala mpaka alipofariki mwaka 1945.

Jina lake lilifikaje Jamaica? Halikubebwa na mpigaji ngoma yeyote kutoka Kigezi. Mwaka 1935, Italia ilipoivamia Ethiopia, magazeti ya ng'ambo yalieneza habari kwamba kulikuwa na chama cha siri cha watu weusi kiitwacho Nyabinghi, chini ya uongozi wa Mfalme Haile Selassie. Habari hizo hazikuwa za kweli. Ziliandikwa ili kuwatisha Wazungu na kuitetea vita ya Italia. Gazeti moja la Jamaica lilizichapisha Desemba mwaka huo, na baadhi ya Wajamaika, badala ya kutishika, walilipokea jina hilo kwa fahari. Hivyo ngoma zenye asili ya Burru na Kongo zilipata jina la Kigezi kwa njia ya habari ya uongo, nalo limebaki kuwa jina la heshima.

Fizikia ya ngoma tatu

Tofauti ya sauti za ngoma hizo ni somo zuri la fizikia. Idadi ya mitetemo ya ngozi kwa sekunde hutegemea mambo matatu: upana wa ngoma, uzito wa ngozi, na jinsi ilivyowambwa kwa nguvu. Ngoma mbili zikiwa na ngozi ya namna moja, iliyowambwa kwa nguvu moja, ile yenye upana maradufu itakuwa na nusu ya mitetemo, na sauti yake itakuwa nzito. Kuongeza nguvu ya kuwamba mara mbili hakuongezi mitetemo mara mbili, bali mara 1.41 hivi, ili mitetemo iwe maradufu, nguvu hiyo haina budi kuongezwa mara nne. Ndiyo maana wapigaji wa Jamaica, kama walivyo wapigaji wengi wa Afrika Mashariki, huianika ngoma juani au kuisogeza karibu na moto kabla ya kuipiga: unyevu ukitoka, ngozi hujikaza na sauti hupanda.

Roki yafika Kingston

Mwishoni mwa mwaka 1972 Rolling Stones walikwenda Kingston na kurekodi katika studio ya Dynamic Sound sehemu kubwa ya santuri yao Goats Head Soup, iliyotoka mwaka 1973. Katika santuri ya mwaka 1976, Black and Blue, waliimba Cherry Oh Baby, wimbo wa rege wa Mjamaika Eric Donaldson. Mwaka 1978 kampuni yao ya santuri ilitoa Bush Doctor ya Peter Tosh, na Mick Jagger akaimba naye wimbo mmojawapo. Mpiga gitaa Keith Richards, aliyekuwa na nyumba Jamaica, alikaa miaka mingi karibu na wapigaji wa Nyabinghi wa Steer Town. Muziki alioupiga pamoja nao ulitolewa mwaka 1997 kwa jina la Wingless Angels.

Kwa hiyo uhusiano wa bendi hiyo na Karibi ni wa kweli. Lakini ni uhusiano wa mgeni aliyeukuta mti ukiwa umekwisha kuzaa. Ramu ilitokana na masazo ya sukari na kazi ya watu wasiolipwa. Na muziki ulitokana na ngoma walizonyang'anywa watu hao hao. Lebo ya chupa ina nafasi ndogo, nayo huandikwa na mwenye kuuza.

Kwa walimu na wanafunzi

Kuchachuka kwaweza kuonyeshwa darasani bila kutengeneza kileo cha kunywa. Chukua chupa tatu za maji ya uvuguvugu zilizo sawa, utie katika kila moja kijiko cha hamira ya mkate. Ya kwanza itiwe sukari, ya pili molasi, na ya tatu isitiwe kitu. Mdomo wa kila chupa ufungwe kwa puto. Baada ya saa moja wanafunzi walinganishe maputo na kueleza gesi iliyoyajaza imetoka wapi, na kwa nini chupa ya tatu ilihitajika. Maji hayo yamwagwe baada ya jaribio. Ukenekaji wa kileo usijaribiwe kabisa: bila leseni ni kosa kisheria, mvuke wa alkoholi hushika moto kwa urahisi, na vileo vya kificho vilivyotiwa methanoli vimewapofusha na kuwaua watu wengi. Hata ramu iliyo halali ina madhara kwa mwili; tangu mwaka 1988 vileo vimewekwa katika orodha ya kimataifa ya vitu vinavyosababisha saratani.

Jaribio la pili lahitaji maneno tu. Wanafunzi waorodheshe vitu kumi vya nyumbani vyenye majina ya kigeni, kisha wachunguze kila kimoja: je, kitu na jina vilitoka mahali pamoja? Nani alikitengeneza kwanza, na nani alikipa jina? Katika ramu ya Jamaica, neno la Kiswahili liliingia kwa njia ya maabara ya Ujerumani. Katika ngoma, jina la Kigezi liliingia kwa njia ya gazeti, ilhali mapigo yenyewe yaliletwa na watu waliovuka bahari wakiwa wamefungwa minyororo. Atakayesoma majina peke yake atawasahau watu hao. Atakayetafuta ushahidi atawakuta.